Hesabu za Tatu: uamuzi wa Bendera, 1965

Ernesto "Che" Guevara, mwanamapinduzi wa Cuba, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kushukia Kibamba, upande wa Fizi, tarehe 24 Aprili 1965. Waasi wa Kongo aliokuja kuwasaidia walimwita Tatu. Alikuwa mraibu wa sataranji: mwaka 1962, mjini Havana, alitoka sare na Miguel Najdorf, bingwa aliyekuwa akikabili wapinzani wengi kwa mpigo.

Mtu wa ubao wa sataranji aliamuaje vitani?

Mwezi Juni uongozi wa Laurent Kabila, kiongozi wa waasi, ulitaka Bendera ishambuliwe, ngome iliyolinda kituo cha umeme kusini mwa Fizi. Tatu alipendekeza Katenga, shabaha ndogo zaidi: wapiganaji wapya wapate uzoefu kwanza, shabaha kubwa zifuate. Hesabu yake ilikuwa safi. Lakini zamu ya kucheza haikuwa yake. Alikuwa mgeni, tena Kabila alikuwa hajampa ruhusa ya kwenda mstari wa mbele. Akakubali shingo upande, akatoa Wakuba wapatao 40 waungane na wapiganaji wa Kinyarwanda chini ya Mundandi.

Tarehe 29 Juni mpango ulivunjika. Wengi walikimbia au hawakufyatua hata risasi moja; Wakuba wanne wakafa, na shajara ya mmoja wao ikafichua kwamba Cuba imo Kongo. Siri ya miezi miwili iliponyoka mfukoni mwa marehemu.

Mwanasaikolojia Mholanzi Adriaan de Groot aliwahi kuwataka wachezaji wa sataranji wafikiri kwa sauti. Alikuta kwamba mabingwa hawapigi hesabu za mbali sana kuwapita wachezaji wazuri wa kawaida. Jicho lao ndilo linalotua mapema kwenye hatua inayofaa, kwa kuwa hali kama hiyo wamekwisha kuizoea. Hazina ya mazoea ya Tatu ilikuwa ya Sierra Maestra, milima ya Cuba alikopigana awali. Humo hamkuwa na wapiganaji wanaotegemea dawa ya mganga kuzuia risasi, wala makamanda wanaokaa ng'ambo ya ziwa. Hapo, kwa maoni ya safu hii, ndipo alipokwama, si kwenye hesabu.

Hata hivyo, Septemba, mamluki wa Mike Hoare waliopigania serikali ya Kongo waliposhuka ufukweni Baraka, walipata upinzani mkali kwa siku kadhaa. Hoare alieleza baadaye kwamba adui huyo hakufanana na waasi aliowahi kupambana nao.