Katikati ya Dunia si Kuzimu: Uhakiki wa Filamu kwa Jicho la Mfasiri

Filamu ya Journey to the Center of the Earth, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1959 na kuongozwa na Henry Levin, imetokana na riwaya ya Mfaransa Jules Verne iliyotolewa mwaka 1864. Ni filamu ya jamaa nzima: mtoto huifurahia kwa mapango na wanyama wake wa kutisha, na mzazi huifurahia kwa mabishano ya wasafiri wake. Mwaka 2008 kisa hiki kilitengenezewa filamu nyingine, iliyoongozwa na Eric Brevig, nayo ilipendwa vilevile na watoto. Katika makala haya hatukusudii kupima uigizaji peke yake. Filamu ya namna hii, ikisimuliwa kwa Kiswahili darasani au katika kibanda cha video, humfundisha mtoto jiografia kabla mwalimu hajaifikia sura hiyo ya kitabu. Atakalolishika litategemea maneno atakayoyasikia.

Kisa chenyewe chaanza na jiwe. Profesa Oliver Lindenbrook wa Edinburgh, aliyeigizwa na James Mason, apewa na mwanafunzi wake bonge la lava lenye uzito usio wa kawaida. Ndani yake mna timazi iliyoandikwa ujumbe na Arne Saknussemm, mtafiti wa kale aliyetangulia kushuka chini ya ardhi. Hapa mfasiri hana haja ya kuazima wala kubuni. Mafundi waashi wetu wanayo timazi tangu zamani, nao huitumia kupima wima wa ukuta. Yafaa basi tuanze na kanuni hii: kabla ya kuunda istilahi, mfasiri na aulize kwanza kwa mafundi.

Wasafiri waingilia Snæfellsjökull, mlima wa Aislandi. Wafasiri wengi hupenda kusema "mlima wa moto", na kwa mlima unaotoa moshi neno hilo halina ubaya. Lakini kilele cha mlima huu kimefunikwa na barafu, na mtoto ataona barafu hiyo kwa macho yake. Akiambiwa kuwa huo ndio mlima wa moto, atadhani msimulizi amekosea. Neno "volkeno" hutaja namna mlima ulivyoumbika, uwe unawaka au umelala. Kwa hiyo ndilo lifaalo, na shimo la kileleni liitwe "kasoko".

Kosa kubwa zaidi hutunyemelea wasafiri wakishafika chini. Msimulizi mwenye haraka atashawishika kuiita nchi ile "kuzimu", kwa kuwa neno ni tamu na linatisha. Sisi tunalikataa. Kuzimu ni makao ya wafu na mizimu, na mtu hafiki huko kwa kamba na taa. Lindenbrook anashuka kupima na kuandika. Huenda msomaji akatujibu kwamba wasafiri wanaikuta huko mifupa ya Saknussemm katika magofu ya Atlantis. Ni kweli, lakini mifupa ile haisemi kama mzimu. Mkono wake unaelekeza njia ya kutokea, kama kibao cha barabarani. "Nchi ya chini ya ardhi" ni maneno yasiyo na mapambo, nayo yanatosha.

Sasa tuutazame mwisho wa safari yenyewe. Je, tuseme "kitovu cha dunia", "kiini cha dunia" au "katikati ya dunia"? Kitovu cha mtu ki juu ya tumbo, wala hakimo ndani yake. Ndiyo maana "kitovu cha tetemeko" ni jina zuri la mahali palipo juu ya ardhi, wima wa chanzo cha mtikisiko. Kwa safari ya ndani, neno hilo lapotosha. Kiini nacho ni sehemu yenye ukubwa wake, si nukta. Filamu inatafuta nukta. Basi jina lake liwe Safari ya Kwenda Katikati ya Dunia.

Neno "kiini" tuliwekee elimu ya matabaka ya dunia, ambamo yai limekwisha kutupa msamiati: ganda na kiini. Ganda la dunia halizidi kilomita 70 hivi hata penye milima mikubwa, na chini ya bahari ni jembamba zaidi. Tabaka linalofuata lafika kina cha kilomita 2,900 hivi. Lugha za Ulaya zimelipa jina la vazi, na mfasiri wa neno kwa neno atatuletea "joho" au "koti". Lakini tabaka hilo ni asilimia 84 hivi ya ujazo wa dunia nzima. Ni vazi gani lililo kubwa kuliko mvaaji? "Ute" nao haufai, kwani sehemu kubwa ya tabaka hilo ni mwamba mgumu. Tunapendekeza "tabaka la kati". Kisha kuna kiini cha nje, ambacho ni metali iliyoyeyuka, na kiini cha ndani, ambacho ni kigumu.

Watengenezaji wa filamu hawakukosa habari hizi. Inge Lehmann alikwisha kuonyesha kuwapo kwa kiini cha ndani mwaka 1936. Walichagua kuweka bahari mahali pa mwamba, na sumaku inayonyakua hata pete za dhahabu, ingawa dhahabu haivutwi na sumaku. Shimo refu kuliko yote yaliyochimbwa wima, lile la Kola nchini Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989, wala hizo si hata sehemu mbili kwa elfu za safari ya kilomita 6,371. Msanii ana haki ya kubuni. Mfasiri hana haki ya kuuvika ubunifu huo istilahi zitakazoufanya uonekane kuwa elimu.

Pamoja na hayo, tunaisifu filamu kwa jambo moja ambalo wasomaji wetu hawatalipuuza. Hans, kiongozi wa njia, husema Kiaislandi tu, naye Carla, mwanamke ambaye profesa hakutaka kumchukua, ndiye anayewafasiria. Bila yeye, profesa na mwenye nguvu kuliko wote safarini wasingeelewana.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya mbele ya watoto: volkeno, kasoko, ganda, tabaka la kati, kiini cha nje na kiini cha ndani. Lile litakalowakwaza watoto lirudishwe kwetu pamoja na sababu zake, ili lijadiliwe upya.