Chapati za Sheru Mama: Mwanamke, Kazi na Cheo katika No New Land ya M.G. Vassanji

Riwaya ya M.G. Vassanji, No New Land, iliyotolewa Toronto mwaka 1991, imezoeleka kusomwa kama kisa cha mwanamume aliyeshushwa hadhi. Nurdin Lalani, aliyekuwa mwuzaji wa viatu vya Bata nchini Tanzania, anahamia Kanada pamoja na mkewe Zera na watoto wao, Fatima na Hanif. Anahangaika kutafuta kazi, anaishia kwenye kibarua cha chini katika kituo cha kutibu walevi na watumiaji wa dawa za kulevya, na hatimaye anashitakiwa kwa kumdhalilisha mwanamke wa Kireno ambaye alikusudia kumsaidia. Usomaji huo hauna kosa, kwani ndivyo msuko ulivyopangwa. Lakini umewaacha kando watu ambao, ndani ya kurasa zile zile, wanafanya kazi, wanalipwa, na hata kuendesha biashara: wanawake wa jengo la ghorofa namba 69 Rosecliffe Park, mtaa wa Don Mills. Tukianza nao, riwaya inatoa ushahidi juu ya jambo ambalo makampuni ya Toronto leo yanalipigia hesabu kila mwaka. Mwanamke mhamiaji anaingizwa kazini kwa mlango gani, na anaruhusiwa kupanda hadi wapi?

Mlango wa kwanza katika riwaya umefungwa kwa maneno mawili: uzoefu wa Kanada. Nurdin, ambaye ameuza viatu kwa miaka, anaambiwa kwamba hana uzoefu unaotakiwa wa kuuza viatu. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam na kuhamia Toronto mwaka 1980, anaonyesha kwa kejeli ya upole jinsi sharti hilo lilivyo tupu. Haliulizi mtu anajua nini. Linauliza amekijulia wapi. Ilichukua zaidi ya miaka 20 tangu riwaya itoke kabla ya Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario kutamka, mwaka 2013, kwamba kumshurutisha mwombaji kazi awe na uzoefu huo ni ubaguzi usipokuwa na sababu ya msingi. Sheria ya kulipiga marufuku sharti hilo katika matangazo ya kazi ya jimbo hilo ilipangiwa kuanza kutumika Januari 2026. Kwa hiyo kile ambacho mhakiki angeweza kukiita chumvi ya mwandishi kilikuwa utaratibu wa kawaida wa ofisi.

Zera anaupita mlango huo kabla ya mumewe. Anapata kazi ya mapokezi kwa daktari. Hapa ndipo msomaji anapopaswa kusimama, kwa sababu msimulizi hasimami. Kwa nini mke anapokelewa pale mume alipokataliwa? Jibu limo katika aina ya kazi yenyewe. Meza ya mapokezi inahitaji sauti laini, subira na uso unaowatuliza wagonjwa, na mwanamke wa Kiasia anadhaniwa amezaliwa na sifa hizo. Dhana ile ile inayomfungulia mlango ndiyo inayomwekea dari: hakuna mahali katika riwaya ambapo mtu yeyote, Zera mwenyewe akiwemo, anafikiri kwamba mpokezi anaweza siku moja kuisimamia kliniki. Ameajiriwa kwa kuwa anafaa kukaa mbele, na anayefaa kukaa mbele hafikiriwi kwa ofisi ya nyuma ambako maamuzi hufanywa.

Kinyume chake ni Sheru Mama, mhusika mdogo ambaye wasomaji wengi humkumbuka kwa kicheko. Hupika mamia ya chapati kila siku ndani ya nyumba yake, huku akilea watoto wawili wa watu wengine, na mumewe Ramju akiosha vyombo na kuzipaka chapati majarini. Kichekesho kimejengwa juu ya Ramju, mwanamume aliyegeuzwa msaidizi wa jikoni. Tukiacha kucheka, tunachokiona ni biashara kamili. Ina bidhaa, wateja wa kudumu, mgawanyo wa kazi, na mkuu anayejulikana na wote. Sheru Mama ni binamu wa mama ntilie wa Dar es Salaam, aliyevuka bahari na kupandishwa ghorofani. Katika riwaya nzima hakuna mwanamke mwenye mamlaka ya kikazi kumshinda. Naye ameyapata kwa kuwa hakumwomba mtu kazi, na kwa hiyo hakuulizwa uzoefu wake ni wa wapi.

Hakuna takwimu ya Toronto itakayomhesabu. Kanada ina historia ndefu ya kuhesabu. Mwaka 1984 Jaji Rosalie Abella aliwasilisha ripoti yake kuhusu usawa katika ajira, na mwaka 1986 ikapitishwa sheria ya shirikisho iliyotaja makundi manne yanayostahili kuangaliwa: wanawake, wenyeji asilia, watu wenye ulemavu, na wale walioitwa wachache wanaoonekana. Kuanzia mwisho wa 2014 wasimamizi wa masoko ya hisa walizitaka kampuni nyingi zilizoorodheshwa katika soko la Toronto zitangaze idadi ya wanawake katika bodi na katika vyeo vya juu, na zisipokuwa na sera zieleze sababu. Ripoti ya kwanza, ya 2015, iliwakuta wanawake wakishika asilimia 11 ya viti vya bodi. Kufikia 2024 walikuwa wamekaribia asilimia 30. Lakini sehemu ya wanawake miongoni mwa maafisa watendaji wakuu imekuwa ikizungukia asilimia 5. Maendeleo ya bodi ni ya kweli na hayafai kubezwa. Hata hivyo hesabu hiyo ilimweka Zera, binti wa tajiri wa Rosedale na jirani yao Mreno katika safu moja iliyoandikwa "wanawake". Ni mwaka 2020 tu ambapo kampuni za umma zilizosajiliwa chini ya sheria ya shirikisho zilianza kutakiwa kutaja makundi yote manne, na hata hapo kila kundi peke yake. Mwanamke mweusi au wa Kiasia huhesabiwa mara mbili, lakini haonekani popote kama alivyo.

Fasihi ya Kiswahili ililiona tatizo hili la namba mapema, ingawa kwa mazingira mengine. Katika tamthilia ya Penina Muhando, Nguzo Mama, ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji wanakusanyika kuisimamisha nguzo moja nzito, na wengi wao hawana majina ila namba: Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu. Nguzo haisimami. Kila namba ina mzigo wake, na mizigo hiyo haifanani; anayebanwa na umaskini havuti kamba kwa namna moja na anayebanwa na mume au na wakwe. Muhando, ambaye baadaye mwenyewe aliongoza jumuiya ya Kiafrika ya wanawake wanaelimu, FAWE, yenye makao yake Nairobi, alikuwa akiwakosoa wale walioamini kwamba kuwakusanya wanawake ni sawa na kuwaunganisha. Mwaka mmoja kabla yake, Alamin Mazrui alikuwa ametoa Kilio cha Haki, ambamo Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon. Lanina hana kiti alichopewa na mwenye shamba. Uongozi wake unatoka kwa wafanyakazi wanaomfuata, na gharama yake anailipa yeye mwenyewe.

Ukiiweka riwaya ya Vassanji kati ya tamthilia hizi mbili, nguvu na upungufu wake vinaonekana pamoja. Nguvu yake ni uaminifu wa jicho. Imemwona mpokezi, imemwona mpishi, na imeona kwamba mishahara yao ndiyo iliyozihifadhi familia zile katika miaka migumu. Upungufu wake ni kwamba haijawahi kuingia nao kazini. Tunamfuata Nurdin hadi kwenye korido za kituo chake, tunajua anasukuma nini na anaongea na nani. Kliniki ya Zera hatuioni kwa ndani. Mshahara wake unatajwa hasa kama kidonda cha mumewe. Hata uchaji Mungu wake unazidi kusimuliwa kadiri unavyomnyima Nurdin faraja ya ndoa, na kidogo mno kama fikra ya mwanamke anayerudi nyumbani baada ya kutabasamu kutwa nzima mbele ya wageni.

Anayeumia zaidi kwa mpangilio huo ni Fatima. Riwaya inamtambulisha akiwa na barua ya chuo kikuu mkononi, barua isiyompa nafasi aliyoiota. Ni yeye pekee katika familia anayetaka kupanda, wala si kupata riziki tu, na msimulizi anaitazama tamaa hiyo kwa kejeli, kana kwamba ni ugonjwa wa kuzoea Kanada na kuwaonea haya wazazi. Lakini Fatima ndiye ambaye, kama angeishi nje ya kitabu, leo angekuwa amepita umri wa miaka 50 na kufanya kazi katika moja ya minara ya Bay Street, akiwa mkuu wa idara ambaye bodi imemzunguka bila kumwita, au akiwa ndani ya bodi na jina lake likipigwa picha kila ripoti ya mwaka inapochapwa. Angekuwa na uzoefu wa Kanada wa kutosha, na angegundua kwamba sharti limebadilika jina tu: sasa anaambiwa hajaiva kiuongozi, au hafanani na utamaduni wa kampuni.

Maisha hayo bado yanangoja mwandishi. Riwaya ya Kiswahili imezoea kumpeleka mwanamke mjini ili aharibikiwe, na riwaya ya Kiingereza ya wahamiaji imezoea kumweka kando ya mume aliyeharibikiwa. Katika zote mbili saa zake za kazi, kuanzia asubuhi hadi jioni, hazina msimulizi. Waandishi wa Kiswahili wanaoishi Toronto wanaijua minara hiyo kwa ndani, baadhi yao wakiwa wafanyakazi, wengine wakiwa wasafishaji wa usiku. Wana lugha yenye msamiati wa kutosha wa cheo, heshima, fitina na kazi. Wanachoweza kuazima kwa Vassanji ni lile jengo la Don Mills na uaminifu wa jicho lake. Kisha waende na Zera kliniki, na wamfuate Fatima hadi kwenye chumba cha mkutano.