Pindua Kikapu Utazame Kitako: Namna ya Kupima Ombi la Chuo

Mama wa Kihehe anayejua vikapu haanzi na mdomo wa kikapu wala nakshi za ubavuni. Anakipindua. Anatazama kitako, pale nyasi za milulu zilipoanza kushikana, kwa sababu msusi aliyeharakisha mwanzo hawezi kuficha haraka yake huko chini. Nimefundisha miaka mingi, sasa nimestaafu na ninaishi hapa Tosamaganga, na kila mwaka vijana hupanda kilima hiki wakiwa na bahasha mkononi. Wengine wametoka kumaliza kidato cha sita. Wengine wana shahada tayari na wanatafuta ya uzamili, hapa nchini au Ulaya. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisomee barua yangu." Nami nafanya kama yule mama. Barua naiweka kando kwanza, naomba vyeti.

Kitako cha ombi ni vyeti, na ndani ya vyeti natafuta jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, cha kidato cha nne kinasema John, cha kidato cha sita kimeongeza jina la babu ambalo halipo penginepo. Kwa mzazi wake ni mtoto mmoja. Kwa kompyuta ya chuo ni watu watatu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutaka cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko, na kurekebisha jina kwa kiapo au kwa hati ya kubadili jina si kazi ya asubuhi moja. Nikiona jina moja, herufi kwa herufi, katika kila karatasi, najua nimeshika ombi la mtu aliyeanza mapema, na mara nyingi hata barua yake huwa nzuri.

Baada ya jina natazama namba ya simu na anwani ya barua pepe. Hapa vijana wetu huumia sana. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, mwombaji wa shahada ya kwanza hupeleka maombi moja kwa moja vyuoni, na akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha kile anachokitaka. Sasa kijana anashuka mjini Iringa, anaingia steshenari, analipa, na mhudumu anamjazia fomu yote kwa barua pepe ya dukani na simu ya dukani. Namjua binti mmoja ambaye ujumbe wake ulilala siku tisa katika simu ya mhudumu aliyekuwa amesafiri. Alama alikuwa nazo, nafasi ikapita. Silaumu steshenari, maana wengi hawana kompyuta na msaada ule ni wa kweli. Mwache akuchapie, lakini namba iwe yako, na nywila utoke nayo mlangoni.

Kuhusu alama sina mengi. Kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu hutolewa kila mwaka na kinasema wazi: kwa kozi nyingi ni prinsipali mbili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa udaktari wa binadamu ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote zisipungue D, jumla pointi 6. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba. Mwenye pointi 6 anayejaza udaktari tu, chuo baada ya chuo, hajakaa chini kufikiri ni watu wangapi wenye pointi 12 wanaoomba viti vilevile. Orodha nzuri ya kozi ina ile anayoitamani, ina ile anayoiweza, na zote mbili angefurahi kuzisoma.

Barua ndiyo ninayokaa nayo. Waombaji wa uzamili na wa ufadhili huandika barua ya kujieleza, na hapo ndipo waliolingana kwa alama huachana. Mwaka mmoja alinijia bwana shamba kijana anayefanya kazi Umalila, kule Mbeya, akiomba kusomea magonjwa ya mimea. Barua ilianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya kilimo, ambacho ni uti wa mgongo wa taifa letu." Nikafunika jina lake kwa kiganja nikamuuliza, "Mwanangu, hii ni barua ya nani?" Akanyamaza. Ingeweza kuwa ya yeyote katika darasa lake.

Nikamwambia aiache, anisimulie kazi yake kama angemsimulia mama yake jioni. Akaanza kueleza ukungu wa viazi. Wakulima wake walipuliza dawa kila baada ya siku kumi na nne, mvua inyeshe isinyeshe, kwa kuwa ndivyo muuza dawa alivyowaambia. Yeye akaanza kuandika katika daftari tarehe za mvua na siku ambayo jani la kwanza lilionyesha doa jeusi lenye ukungu mweupe upande wa chini. Misimu miwili, mashamba kumi na moja. Aliona kwamba baada ya siku kadhaa za mvua na baridi mfululizo doa lilitangulia dawa karibu kila mara. Kwa nini, na mkulima asiye na kipimo chochote angetambuaje mapema? Hilo hakuliweza, na ndilo lililomfanya atake kurudi darasani.

Hiyo ndiyo barua. Ina shamba, ina daftari, ina swali ambalo mwandishi wake ameshindwa kulijibu. Barua nyingi mbovu zinakosa hicho cha mwisho: mwombaji anajisifu kwa yote anayoyajua, wala haonyeshi anachokwenda kutafuta. Kamati inayosoma barua mia moja kwa wiki humtafuta mtu mwenye swali, kisha inatazama kama chuo kile kina mwalimu wa kulishughulikia. Ndiyo maana aya inayotaja kozi na watafiti wa chuo husika lazima iandikwe upya kwa kila chuo. Nikikuta aya inayofaa vyuo vitatu kwa kubadilisha jina tu, naikata.

Barua hizi huandikwa kwa Kiingereza, na vijana hutafuta maneno makubwa. Ushauri wangu ni uleule miaka yote: ifikirie kwa Kiswahili, au kwa Kihehe au Kinyakyusa kama ndiyo lugha ya moyo wako, mpaka kila sentensi iwe na mtu anayetenda jambo. Ndipo uiandike.

Wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za kukupendekeza, nao hupimwa. Familia nyingi hukimbilia mheshimiwa mwenye cheo, naye hutia sahihi mistari minne isiyosema kitu. Mhadhiri msaidizi aliyekusimamia maabara na akakuona ukirudia jaribio usiku anakufaa zaidi. Mwendee wiki tatu kabla, mpe transkripti na rasimu ya barua yako, umkumbushe mlichofanya pamoja.

Na kovu katika alama? Liseme. Muhula ambao baba aliugua na ukawa unalala hospitali upe sentensi mbili, kisha ueleze ulichofanya baadaye. Umaskini nao una nafasi katika barua ukiandikwa kama habari yenye sura: kilometa ulizotembea, kibarua ulichofanya likizo. Ukiandikwa kama ombi la huruma, unamficha mwombaji mwenyewe, na yeye ndiye ambaye kamati inataka kumwona.

Bwana shamba yule aliandika barua yake mara saba. Kazi kama hiyo hutaka muda, basi nyinyi mnaosubiri matokeo ya kidato cha sita msingoje mpaka yatoke. Wiki hii fungueni sanduku la nyumbani, toeni cheti cha kuzaliwa, mkiweke kando ya cheti cha kidato cha nne, msome majina kwa sauti.