Mpasuko Safi

Kwenye barabara ya kutoka Sake kwenda Mweso, katika vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, ukiipita Kitshanga, maziwa ya alfajiri hufika kwa mtengeneza jibini yakiwa bado na joto la ng'ombe. Huyapasha kidogo hadi nyuzi 32 au zaidi kidogo, kiasi ambacho mkono uliozoea huujua bila kipimajoto. Kisha hutia matone ya dawa ya kugandisha itokayo katika tumbo la ndama. Kuanzia hapo hakorogi, hasogezi sufuria, hagusi kitu.

Utulivu huo naustahi kuliko hatua nyingine zote, maana ndani ya maziwa kazi imepamba moto. Kaseini, protini kuu ya maziwa, huelea katika punje zisizoonekana kwa macho, kila punje imevaa manyoya yenye chaji hasi. Chaji za namna moja hufukuzana, na ndiyo sababu mojawapo ya maziwa kutojitenga yenyewe. Kimeng'enya kilicho katika dawa ile ya ndama hukata manyoya hayo mahali pamoja, kati ya kiungo cha 105 na cha 106 cha mnyororo wa kapa-kaseini. Kipande kilichokatwa huenda majini na chaji yake. Punje zilizonyolewa hukaribiana, na kalisi huzishikanisha. Ukikoroga wakati huo, umebomoa ukuta ambao udongo wake haujakauka.

Ndipo kisu. Fundi hukichomeka na kukiinua taratibu. Mgando ukipasuka kwa mstari ulionyooka, na maji ya rangi ya manjano-kijani yakajaa ufa, saa imefika; ukimeguka kama uji, anarudisha kisu mahali pake. Akikata mapema, mafuta na protini hutoroka na maji. Akichelewa, mgando hukaza na kuyang'ang'ania maji yake. Karibu lita 10 za maziwa hutoa kilo moja tu ya jibini, basi kosa la dakika chache huliwa na familia nzima.

Wakemia wana kazi ya ukoo huo. Mwaka 1974, huko Pretoria, mkemia Pretorius na wenzake walionyesha kwamba umeme unaweza kusukuma kiowevu katika mrija uliojazwa chembe, bila pampu, ili kutenganisha molekuli zilizomo. Baadaye mrija ukawa mwembamba kama unywele. Tatizo ni molekuli zenye chaji chanya: hung'ang'ania silika iliyo ndani ya mrija, ambayo ina chaji hasi, zikatoka zikiburuta mkia na kuingiliana na nyingine. Anayetaka zitengane vizuri hupima upya uchachu wa kiowevu, huongeza au kupunguza chumvi yake, au huivika silika kitu cha kupunguza mvuto. Hajaribu yote kwa pamoja. Hubadilisha kidogo, husubiri, hutazama.

Uchachu na chumvi: fundi wa Masisi anavijua viwili hivyo kwa vidole. Jibini likiwa chini ya uzito, uchachu huendelea kupanda na maji kuchuruzika. Kisha huzamishwa katika maji ya chumvi hadi ngozi yake ikaze. Vita vimepora ng'ombe wengi wa vilima hivi na kuifunga njia ya kwenda mji wa Goma mara nyingi, na bado kuna anayejua dakika ya kisu.

Kwenye rafu za mbao fundi anageuza majibini moja moja. Upande uliolala chini tangu jana, wenye unyevu bado, sasa unapata hewa.