Imla na Sikio la Mhariri

Ukiketi karibu na mtu asiyeona anayeimudu kompyuta yake, huenda usiambulie hata neno moja. Programu ya kusoma skrini inamwaga maneno kwa kasi, na kwa sikio geni ni kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwenyewe anaelewa, tena anaikatiza. Anashuka kwa mshale kwenye orodha ya baruapepe, anasikia nusu ya jina la mtumaji, anashuka tena. Tangazo, tangazo, mhasibu: hapo anatua. Sikio lake limejifunza kutupa jicho.

Wengi hutumia programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh. Wote ni Waaustralia wasioona. Inatolewa bure, na hilo si dogo, kwani JAWS iliyoitangulia mwaka 1989 ina bei ya kukatisha tamaa. Sauti ya eSpeak inayokuja nayo husoma Kiswahili. Ni kavu, haina lafudhi ya Lamu wala ya Unguja, lakini haimezi irabu. Ukiiachia barua ya Kiswahili sauti ya Kiingereza, “pole” na “wake” hayatambuliki. Mjuzi hubadilisha sauti mapema.

Ufundi wenyewe uko kwenye kujibu. Kwanza visikizio, la sivyo maikrofoni itanasa maneno ya programu badala ya yake. Google iliingiza Kiswahili kwenye huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017, kwa hiyo anafungua ukurasa wa Google Docs, anabonyeza Ctrl, Shift na S, na kuanza imla. Sentensi ameshaitunga yote kichwani. Anaitoa kwa pumzi moja, maana kila “yaani” itaandikwa. Kisha ananyamaza, asikilize alichoandikiwa.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. “Kwa hiyo” na “kwahiyo” masikioni ni mamoja, kwenye barua si mamoja. Anarudi neno kwa neno kwa Ctrl na mshale; penye shaka, herufi kwa herufi. Majina ya watu haiachii mashine kabisa: Asha si Aisha, na Athumani hapendi kuitwa Othman. Koma anazipachika kwa mkono, kisha anabonyeza Insert na P mpaka programu itamke kila alama ya uandishi. Kwa muda barua inakuwa kero tupu, “koma” na “nukta” kila baada ya maneno machache, naye anaivumilia hadi mwisho ndipo aihamishie kwenye baruapepe.

Kabla ya kutuma anapanda kwa Shift na Tab hadi penye majina ya wapokeaji, ajue anamjibu mhasibu peke yake au ofisi nzima. Sisi wenye macho hatuna subira hiyo, na ofisi nzima inajua.