Asilimia 718: tusome vizuri utafiti wa pweza mbele ya kuuiga

Wandugu wasomi, katika mikutano juu ya uvuvi na ulinzi wa mazingira, mtu hakosi kukutana na habari ya pweza wa Madagaska. Inasimuliwa hivi: wanakijiji walifunga sehemu ya bahari yao miezi michache, wakaifungua, na mavuno yakaongezeka kwa asilimia 718. Namba ile inaandikwa kwa herufi kubwa ukutani na watu wanapiga makofi. Basi, ni wangapi wamefungua utafiti wenyewe na kuusoma mpaka mwisho? Ni utafiti mzuri, na ninashauri kila mmoja wetu ausome. Lakini namba inayotajwa kila fasi ndiyo inayotufundisha kidogo kuliko zote.

Kwa sisi watu wa milima, tuanze na mnyama mwenyewe. Pweza ana mikono minane, hana mfupa, na ni wa ukoo mmoja na konokono na chaza. Anaishi katika mashimo ya miamba ya bahari. Maji yakipwa, wavuvi, na wengi wao ni wanawake, wanatembea juu ya mwamba na kumtoa kwa fimbo au mkuki. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na kidogo tu, lakini anakua kwa kasi sana. Jike hutaga mara moja, analinda mayai yake, kisha anakufa. Mnyama wa namna hii ukimwachia miezi michache, unamkuta ameshakuwa mzito.

Juu ya hiyo, kuanzia 2004, kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, kilianza kufunga sehemu ya mwamba kwa muda, kikisaidiwa na shirika la Blue Ventures. Vijiji jirani vikafuata. Baadaye wazo lilifika hata kwa Waswahili wenzetu: Kisiwa Panza, huko Pemba, nao walifunga sehemu ya mwamba wao. Mwaka 2015 Thomas Oliver na wenzake walichapisha hesabu za miaka minane katika jarida la PLOS ONE. Walichunguza mafungo 36. Kila fungo lilichukua karibu asilimia 20 ya eneo la uvuvi la kijiji, kwa miezi 2 mpaka 7.

Sasa tuweke namba zao tatu kwenye meza moja. Mavuno ya fasi iliyofungwa, siku 30 baada ya kufunguliwa, yaliongezeka kwa asilimia 718. Mavuno ya mvuvi mmoja kwa siku yaliongezeka kwa asilimia 87. Mapato ya pweza ya kijiji kizima yaliongezeka kwa asilimia 132. Unaona? Mwamba ulitoa karibu mara 8 ya mwanzo, lakini mvuvi mmoja hakufikisha hata mara 2. Tofauti imetoka wapi? Kwa sehemu kubwa imetoka kwa watu wenyewe: siku ya kufungua, wote wanakimbilia fasi ile moja, na miamba mingine wanaiacha. Kwa hiyo 718 haipimi pweza tu, inapima na mbio za watu. Mama mvuvi akikuuliza yeye atapata nini, jibu la haki liko karibu na 87.

Tena kuna namba ambayo sijaiona ukutani hata siku moja. Kati ya mafungo 36, ni 27 yaliyoleta faida ukitoa hasara ya siku za kungoja. Tisa hayakuleta. Na faida ya wastani ilikuwa dola 305 kwa fungo moja. Si kwa mtu mmoja, ni kwa fungo zima! Hiyo si sababu ya kudharau. Kijiji maskini hakikatai dola 305, na watafiti walikuta kwamba mapato ya vijiji hayakushuka wakati wa kufunga. Lakini si utajiri.

Nguvu ya kazi hii ni ulinganifu. Hawakuishia kutazama fasi zilizofungwa, walitazama na zile zilizobaki wazi. Na wanasema wazi kwamba mafungo 19 yaligusana na marufuku ya wiki 6 ya eneo lote, kwa hiyo hapo kulinganisha kunakuwa kugumu, kwa sababu hata fasi zilizobaki wazi zilipanda kidogo. Wengi wetu katika TFC tungeficha jambo kama hilo mbele ya jury. Wao wameliweka katika muhtasari.

Udhaifu upo vilevile. Kati ya waandishi yumo Alasdair Harris, mwanzilishi wa shirika lile lile lililosaidia kufunga. Mpishi amehesabiwa kati ya wanaoonja mchuzi. Hilo halifanyi hesabu kuwa uongo, ila linatuomba tutafute na wapimaji wengine. Pia siku 30 ni chache. Zinaonyesha pesa imerudi, hazionyeshi kwamba mwamba wenyewe, na samaki wake na matumbawe yake, umepona. Anayetumia utafiti huu kusema bahari imeokolewa, anausemea maneno ambayo haukusema.

Na kwetu? Omate, Masisi na Walikale hatuna bahari. Tuna mito, tuna maziwa ya Mokoto, na Ziwa Kivu liko karibu. Shauri la kufunga sehemu ya ziwa linaweza kutufikia siku yoyote, na 718 ikiwa mbele. Hapo msomi aulize kwanza: samaki yupi? Sambaza, aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, si pweza. Yeye anaogelea kwa makundi katikati ya ziwa na hajui mpaka wa Kongo na Rwanda. Ukifunga ghuba moja kwa ajili yake, unamtunzia jirani. Tilapia anayezalia pembeni, kwenye maji mafupi, ni habari nyingine, huyo labda.

Swali la pili ndilo kubwa zaidi, na limo katika mstari ambao watu wanauruka: palipotajwa wizi mwingi wakati wa kufunga, faida ilikuwa mbaya. Basi kinachozaa ni watu kukubaliana na kulindana. Tazama Ziwa Edouard. Sheria inatambua vituo vitatu tu vya uvuvi, Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, lakini vituo vya wizi vimezaliwa pembeni, na watu wenye silaha wanakula humo. Ufunge nini hapo, na nani atashika ufunguo? Mama akiacha kuvua miezi mitatu, halafu mwenye bunduki akavua usiku, tumemwibia mama mara mbili: chakula cha leo na imani ya kesho.

Ndiyo maana ninaona kusoma vizuri si anasa ya chuo. Kati yetu wako watakaoajiriwa na ONG, wako watakaoandika miradi, wako watakaosimama mbele ya wavuvi na kusema utafiti umethibitisha. Mbele ya kutamka hivyo, tuulize mambo manne: asilimia ya nini, kwa nani, ikilinganishwa na nini, na nani alilinda? Mradi usiokuwa na jibu la swali la nne, tusiupeleke ziwani kwa watu wetu.