Shujaa Aliyetoka Jikoni

Hadithi za watoto hulaumiwa kwamba humfunga mwanamke jikoni na kumwachia mwanamume dunia nzima. Lawama hiyo ina haki, lakini dawa yake si kubadilishana viti tu. Ushahidi umo katika kisa cha Sultani Majnuni, kimojawapo cha vile vilivyosimuliwa na watu wa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870.

Sultani huyo alikuwa na wana saba wa kiume. Wa mwisho alidharauliwa, akaitwa Mkaa Jikoni, kwa kuwa hakubanduka mekoni kwa mama yake. Jina lilikuwa tusi. Jiko lilihesabiwa kuwa kaburi la uanaume. Hata hivyo, kaka zake waliposhindwa kuulinda mtende wa baba yao, ni yeye aliyekesha; na paka wa sultani alipogeuka nunda, mla watu, ni yeye aliyemwua. Hivyo msimulizi wa kale aliliondolea jiko dharau zamani sana.

Lakini hakufika mwisho wa njia. Kila kijana alipoua mnyama akidhani ndiye nunda, alimwimbia mama yake habari ya ushindi, na mama akamjibu kuwa siye. Mwenye kumjua adui ni mama. Asiyetoka kumkabili ni mama vilevile. Elimu yake yasafiri kwa miguu ya mwanawe.

Robert Munsch, katika The Paper Bag Princess, kitabu kilichotolewa Kanada mwaka 1980, alimfungulia mlango mjuzi huyo. Binti mfalme Elizabeth, aliyeteketezewa nguo zote na joka, avaa mfuko wa karatasi na kulifuata lilikompeleka mchumba wake. Hana upanga, alisifu joka mpaka lajichosha kwa kutema moto na kuruka, likalala. Mchumba aliyeokolewa amkemea kwa mavazi yake, naye Elizabeth akataa kuolewa.

Ushindi huo ni halali, lakini bei yake ni mwanamume mpumbavu. Binti apata mfano wa kufuata. Mvulana asomaye apata aibu tu. Kisa cha Unguja chamfundisha mvulana kuwa jiko halipunguzi utu wake. Kitabu cha Kanada chamfundisha msichana kuwa njia ni yake pia. Mtoto astahili mafunzo yote mawili katika hadithi moja: mama atoke kumkabili nunda, na mwana akae jikoni pasipo jina la kumdhalilisha.